Barua ya Mume Anayebaki Goma

Binti yetu Christa aliposhika mimba huko Montreal, alimwita mama yake aende amwogeshe mtoto na kumkanda mzazi kwa maji ya moto, kisha akae naye huko huko, wazoeane. Alimwita mama peke yake. Mimi, baba mtu, nilitumiwa salamu.

Sitaficha: nilimwonea mke wangu Domitille wivu mpaka chakula kikanishinda. Miaka ishirini na sita nilikuwa karani wa ofisi moja pale Himbi, nikiwapigia watu wengine taipu barua za safari. Montreal naijua kwa ramani, mtaa kwa mtaa. Domitille anauza sambaza, visamaki vya ziwa letu. Safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa Bukavu kwa meli, na alitapika njia nzima. Ndiye huyo sasa wa kuvuka bahari!

Nyumba yetu ya mtaa wa Mapendo ikageuka soko. Sambaza zimeanikwa ua mzima, sombe, majani ya muhogo, inakaushwa chumbani kwangu, majirani wanaingia kumjaribisha "Mama Canada" makoti ya baridi. Mimi wananisalimu kama mlinzi wa langoni. Domitille alicheka na kila mtu. Mimi nilinuna, tena nilinuna waziwazi, na nikadhani hakuna anayeona.

Ikabaki karatasi moja. Ubalozi ulitaka barua ya mume, aeleze kwamba yeye anabaki Goma, ili wajue mama ana sababu ya kurudi. Yaani kubaki kwangu ndiko kungemfungulia yeye mlango! Hapo roho iliniuma kweli.

Nikaketi nikaandika, kwa Kifaransa changu kizuri cha ofisini, kwamba nina kisukari kibaya, siwezi kuachwa peke yangu, naomba mke wangu asipewe viza. Sina kisukari. Domitille hasomi Kifaransa, kwa hiyo aliponiomba nimsomee, nilimsomea mengine kabisa: mume ni mzima, anakubali, anamtakia safari njema.

Alinisikiliza huku akichambua sambaza.

"Aksanti, Papa Christa," akasema. "Juu nilikuwa naona haufurahi. Nilimwambia Christa aite weye, miye nibakie na biashara yangu. Nilimwambia mara tatu. Akasema, papa hajue kuogesha mutoto."

"Ulimwambia aite miye?"

"Sasa! Si ni weye mwenye kupenda kwenda, tangu zamani? Miye, Bukavu tu ilinitapisha."

Nilikosa pa kuficha uso. Nikaingia chumbani, nikaichana ile barua vipande vipande, nikachukua karatasi nyingine. Niliandika kwamba mimi, Bagalwa, mzima wa afya, ninabaki Goma, na kwamba mke wangu ana nyumba, biashara na mume wa kumrudisha. Huo ulikuwa ukweli mtupu, na haukunichukua dakika kumi.

Lakini wivu haukuondoka. Sasa nilimwonea Christa, nikamwonea na huyo mtoto ambaye hata hajazaliwa, kwa kuwa wao ndio watakaoamka na Domitille kila asubuhi. Katika barua palibaki pengo moja tu la kujaza: muda ninaomruhusu kukaa huko. Christa alikuwa ameomba miaka mitano.

Niliandika mwaka mmoja.