Samaki Wasiopita Mizani

Nilimaliza kidato cha nne na B ya biolojia na mimba ya miezi mitatu. Nayataja pamoja kwa sababu watu huyataja pamoja. Nilitaka kusomea viumbe vya bahari. Badala yake nikawa kibarua wa utafiti wa samaki, miaka miwili, mkataba wa miezi mitatu mitatu.

Watu hudhani kazi ya biolojia ya bahari ni kuvaa miwani ya kuzamia na kuogelea na kasa. Mimi nilisimama dikoni, pale wavuvi wa Mji wa Kale wanaposhusha samaki, na mizani, ubao wa kupimia urefu na fomu. Changu, sentimita kumi na tisa. Pono, thelathini na moja. Nikirudi nyumbani Buxton mwanangu ananyonya huku amekunja uso kwa harufu. Chini ya kila fomu pana nafasi ya jina la aliyepima. Sisi vibarua hatukuijaza. Ilijazwa ofisini.

Mwaka wa pili, daktari wetu, mama aliyeongoza utafiti, akaanza kuandika kwamba samaki aina ya tafi wanaisha, maana kwenye fomu hawaonekani.

"Hawajaisha," nikamwambia. "Wanaliwa."

Kabla samaki hawajafika mizani, kila mvuvi hutenga kitoweo cha nyumbani kwake, na aghalabu huchagua tafi. Kikapu kinapita nyuma yetu mchana kweupe. Hakuna anayeficha, ila mwenye adabu hachungulii kitoweo cha mtu. Ndiyo maana wasomi wote waliokuja kabla yangu waliviona vikapu wasiviandike.

"Umejuaje?"

"Babangu alikuwa mvuvi. Mimi nimelelewa na hizo data."

Akanipa daftari. Nikawa naomba kikapu kimoja kimoja. Mzee mmoja akakataa.

"Mwanangu, hiki si cha mizani. Hiki cha mama watoto."

"Napima tu, baba, nakurudishia."

"Na akiuliza mbona samaki ananuka kalamu?" Akacheka, akanipa kikapu. Tangu siku hiyo alikuwa akisimama mwenyewe.

Kisha ikatoka nafasi moja ya kudumu, msaidizi wa utafiti, na atakayeipata atasomeshwa diploma. Kwangu huo ndio uliokuwa mlango, sikuwa na mwingine. Kwenye intavyu walikaa watatu, na daftari langu mezani mbele yao. Wakalisifu.

"Una shahada?" mmoja akauliza.

"Nina hilo mnalosoma."

Wakacheka, nikajua nimekosa.

Aliyepewa ni msichana wa bara mwenye shahada ya sayansi ya bahari. Simlaumu. Kisiwa chetu kizima kimezungukwa na maji, na yeye miaka mitatu alikuwa akichapa stakabadhi za makontena bandarini kwa kukosa kazi aliyosomea. Hasira zangu ni kwa wale walioniita baadaye wakaniambia nimfundishe kwa wiki moja.

"Wewe una moyo, mama," daktari akaniambia.

"Moyo ninao. Nimekosa kazi."

Jumatatu nikaenda, maana mkataba ulikuwa haujaisha. Nikakaa pembeni. Msichana akasimama kwenye mizani, kalamu tayari, fomu safi. Mzee wangu akaja na kikapu chake. Msichana akageuza uso kwa heshima, kama alivyolelewa, akamwachia apite.

Mzee akaja kusimama mbele yangu. "Leo hupimi?"

"Muulize mwenye kazi."

"Mwenye kazi ni nani?"

Akangoja kidogo, akaondoka. Nilimwangalia akipanda ngazi za kutokea dikoni. Nilitaka aende. Nilitaka wote wapite hivyo, wiki nzima, na ripoti ya daktari iandikwe kwamba tafi wamekwisha baharini. Akafika ngazi ya mwisho.

"Baba, rudi."

Tafi saba. Nilipima mwenyewe, msichana akashika ubao. Alishika vizuri, na aliuliza maswali ya maana. Tulipomaliza nikachukua kalamu yake, nikateremka hadi chini ya fomu, nikaandika jina langu lote, la baba na la babu, kwa wino.

"Hapo nimeambiwa hujazwa ofisini," akasema polepole.

"Basi wafute wao," nikamwambia. "Kuna kikapu kingine kinapita nyuma yako."