Kofia ya Njano ya Mtoto wa Yaya

Enzi zetu pale Likasi, mwezi wa saba ulikuwa unauma kwa baridi. Asubuhi tulikwenda shule tukitoa moshi mdomoni na kujidai tunavuta sigara, na mama zetu walikaa juani wakifuma na kusengenya bila kupoteza hata kitanzi kimoja. Vijana wa leo ukiwatajia uzi wanafikiria chaja. Sisi tuliujua uzi wa sufu kwa midomo: unaupitisha juu ya mdomo wa chini, ukiwasha, huo si wa mtoto. Sindano zilikuwa njiti za magurudumu. Uzi mwembamba ulitaka njiti za baiskeli, uzi mnene ulitaka za pikipiki, ndiyo maana mtaani kwetu hakuna baba aliyekuwa na gurudumu lililonyooka.

Mwaka mmoja dada yangu mkubwa, ambaye kwetu huitwa yaya, Yaya Godelive, alikuwa anangoja mtoto wake wa kwanza. Kwetu, kofia ambayo mtoto anatoka nayo hospitali ilifumwa na mama wa binti, na wakwe waliikagua kabla hata ya kuuliza mtoto ana kilo ngapi. Bahati mbaya mama mkwe wa Yaya alikuwa fundi, aliyefuma mpaka kitambaa cha kufunikia redio. Mama yetu alikuwa hodari wa mengi, lakini subira ya uzi mwembamba Mungu hakumpa, na aliogopa sana Yaya asije akachekwa ukweni kwa ajili yake.

Sokoni, kwenye meza ya laine, yaani uzi wa sufu, Mama akapenda wa njano, mnene, wa kujaza mkono. Jirani yetu Mama Charlotte akamvuta kitenge.

“Mama Godé, ile ni ya pullover ya mwanaume. Mutoto anaomba laine ya nyembamba.”

“Na hii baridi?” Mama akamjibu. “Ile ya nyembamba ni ya kupiga nayo photo. Mujukulu wangu hatakufa na baridi juu ya photo!”

Akanunua. Ubaya ni kwamba hesabu ya vitanzi aliichukua kwa Mama Charlotte huyohuyo, aliyezoea uzi mwembamba. Uzi ukinenepa, vitanzi hupunguzwa, na Mama hakupunguza hata kimoja. Kofia ikakua. Tuliiona inakua tukanyamaza, maana enzi zetu hukumkosoa mama yako ukabaki na masikio yote mawili. Mwenyewe alisema itarudi ndogo ikifuliwa, kisha akaiongezea pompon, kile kishada cha uzi cha utosini.

Siku Yaya alipotoka hospitali, tulisimama mlangoni, sisi upande huu, wakwe upande ule. Mama akamvika mjukuu wake kofia. Ikammeza mpaka kifuani.

Mama mkwe akaitazama, akawatazama dada zake. “Mama Godé, hii ni kofia ao ni kitanda?”

Wakacheka wote. Yaya akainamisha kichwa, machozi yakimlengalenga. Mama akaivuta kofia juu, ikateleza tena. Niliumia kweli.

Baba, ambaye kwa kawaida alimaliza wiki bila kuongea sentensi nzima, akaiegemeza baiskeli yake ukutani. Akaichukua ile kofia, akaivaa mwenyewe, pompon juu.

“Ah non, hii njo kofia yangu! Nilimulomba mama anifumie, juu ya baridi ya ku velo. Nani alimuvalisha mutoto kofia ya muzee?”

Mama mkwe akatoa yake, nyeupe, nyembamba, ikamwenea mtoto vizuri kabisa, na hakuna aliyecheka tena. Jioni ile samaki mkubwa wa ziwa Tshangalele alikuwa kwenye sahani ya Baba, na Mama alikaa karibu naye mpaka bukari, ugali wetu, ikapoa.

Baba aliivaa ile kofia kazini kila msimu wa baridi. Wenzake walimwita Bébé, yaani mtoto mchanga, naye akaitika.

Yule mtoto sasa ana ndevu na mke. Juzi wameagiza kofia ya mtoto wao kwa simu, imeandikwa umri wa mtoto kwa miezi, imeenea bila kubishana na mtu. Nzuri, sikatai. Ila siku hizi kofia zote zinaenea, na sijui mwanamke wa leo atajuaje kwamba mumewe angekubali kuchekwa badala yake.