Punje za Wifi

Wifi yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, alianza kutengeneza kichocheo chake mwanawe wa kwanza akiwa anatambaa. Sasa mwana ananyoa ndevu. Mtu akiniuliza wifi anafanya kazi gani, namjibu kwamba kazi yake ni kuchoka, na sitanii sana. Kichocheo chenyewe ni punje nyeupe zinazopangwa ndani ya bomba la moto. Gesi chafu ikipita kati yake inatoka safi. Yeye ndiye mkemia. Mimi alinitafutia kibarua maabara hiyohiyo, cha kusaga na kuchekecha, kwa hiyo tukigombana nyumbani asubuhi tunaendelea kununiana kazini.

Mwaka huu akaletwa kijana msomi na kichocheo chake. Vyote viwili vilipojaribiwa, vilisafisha gesi kidogo tu, tena sawasawa. Bosi akasema kiwanda kimechoka kusubiri, kimoja kiachwe. Kila mtu alijua ni kipi.

Wifi hakupandisha sauti. Siku hizi hata ile ya kawaida inatoka kwa shida.

"Bosi, punje hizi ni kubwa kama maharage," alisema. "Zimejaa vitundu visivyoonekana kwa macho, na kazi yote inafanyika humo ndani. Vitundu vikiwa vyembamba mno, gesi inaishia juujuu, katikati panalala bure. Tuzisage, tupime tena kwa uzito uleule na moto uleule. Zikifanya vizuri zaidi, kosa ni la njia ya gesi, na njia inapanuliwa. Zisipobadilika..." Akajikuna paji la uso. "Zisipobadilika, kichocheo chenyewe ndicho kibovu."

"Umesema mwenyewe," bosi akajibu.

Nilimsubiri kwenye sinki nikamsema. Nani alimtuma kumalizia ile sentensi? Angeishia kwenye njia kupanuliwa, akanyamaza.

"Nimechoka kubahatisha, wifi," akasema, akaendelea kunawa.

Basi nikasaga. Huo si unga wa uji. Ukisaga mno unaziba bomba, kwa hiyo unaponda kidogo, unachekecha, unamwaga vumbi, unabakiza chenga kama sukari. Mgongo ulikuwa unawaka moto. Punje za kijana nilizitwanga kwa hasira, nikizitukana. Za wifi nilizibonyeza taratibu, ingawa kinu hakijui tofauti.

Tulianza na za kijana. Mstari wa kiasi cha gesi iliyosafishwa, kwenye kompyuta, ukapanda, ukapanda, ukakaribia mara mbili ya ule wa kwanza. Kijana alirusha mikono juu, kisha akamwona wifi, akaishusha. Mimi nikajipa moyo: zake zimepanda, zetu zitashindwaje? Wifi alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, macho mekundu, midomo ikicheza. Nikajua anaomba. Mwanamke mzima na elimu yake yote anamwomba Mungu kazi yake iwe na kasoro hii, isiwe na ile.

Tukaweka zetu. Mstari ukaenda mpaka pale ulipokuwa siku zote, ukatulia. Wifi akakagua viungo vya bomba kama vinavuja, havikuvuja. Akarudia jaribio zima. Palepale.

Nikamvuta pembeni. "Tuseme ni vitundu. Aliyesaga ni mimi, nitasema nilikosea chekeche. Utapewa muda mwingine."

Nilimaanisha, na mpaka leo sioni haya kusema. Nimekula na mtu huyu sahani moja, nimelea wanawe akiwa amelala maabara. Sikuwa tayari kuona yote yanakwenda na maji kwa sababu ya mstari mmoja.

Aliniangalia kwa upole, na upole huo ulinikera kuliko kugombezwa. "Nikishapanua hivyo vitundu, wifi, nitasema nini tena?"

Bosi akaingia na kikombe mkononi. "Haya, mama. Ni vitundu?"

"Hapana, bosi. Vitundu vyangu havina tatizo." Alivua miwani ya kazi, akaifuta kwa pindo la koti. "Gesi inaingia vizuri mpaka katikati. Inafika, haikuti kitu."

Bosi alitazama kikombe chake. Kijana akajifanya anafunga vali iliyokwisha kufungwa. Nililia mimi, hapohapo mbele yao, kwa sababu mwenyewe alikuwa amechoka mno, hata kulia hakuweza.