Nilivyojenga manowari Karatu, ikalala ubavu mbele ya mchungaji

Wakuu, za mchana. Aliyeaibika kwenye huu uzi ni mimi mwenyewe, kwa hiyo sina sababu ya kuwadanganya.

Mimi ni fundi bodi hapa Karatu. Narefusha gari za tour na kuzifungia carrier za mizigo juu ya paa.

Kuna lodge upande wa Ganako, meneja wake dada mmoja wa Kichaga asiyecheka ovyo. Alikuwa anatafuta fundi wa kufunga carrier kwenye gari zao zote. Sampuli nilishaifunga kwenye gari ya shemeji yangu Bayo, dereva wao. Chuma kitupu. Nilijisifu nayo mji mzima.

Sasa pale lodge anaishi babu wa Kiingereza. Ujana wake alikuwa mchoraji wa ramani za kujengea manowari, zile frigeti zilizojengwa baada ya vita kuu ya pili. Akataka atengenezewe moja ndogo, urefu wa hatua nne, aione ikielea kwenye bwawa la lodge kabla macho hayajamwishia.

Meneja akaniambia, "Kaka, ya babu ikielea, gari zote ni zako."

Nikacheka moyoni. Mimi nakata gari katikati na kuiunga, nitashindwa na mtumbwi?

Babu akaleta mchoro mkubwa kama shuka. Chini kaandika chuma, juu kaandika alumini, kapigia mistari miwili myekundu. Akanieleza taratibu: baada ya vita meli zilijazwa marada na minara, uzito ukapanda juu, ndiyo maana huko juu wakajenga kwa alumini.

Mimi kichwani: alumini ni ya masufuria. Huyu mzee hajaona mashimo ya barabara ya Kansay masika.

(Mafundi mliomo humu, nani anasoma mchoro mpaka mwisho? Semeni ukweli.)

Nikapiga chuma chini mpaka juu. Mlingoti nikaweka bomba la maji, lile nene. Kwa mazoea tu nikazungushia na reli juu, kama carrier. Nikapaka kijivu. Ilipendeza jamani.

Siku ya kuishusha meneja akamwita mchungaji. Wafanyakazi wote wakaja, Bayo akapaki gari yake kando ya bwawa. Mchungaji akawaombea wote watakaosafiri na chombo hicho, wakati abiria pekee angekuwa chura.

Tukaisukuma. Ikaelea. Nikaanza kupokea pongezi.

Kikapita kiupepo cha kupeperusha kofia tu. Ikainama, ikatulia kama inafikiria, ikalala ubavu. Halafu ikazama.

Babu hakugomba. Alinitazama akasema, "Uzito juu. Niliandika."

Iliniuma kuliko matusi.

Ila aliyenimaliza ni Bayo. Alitazama bwawa, akageuka akatazama paa la gari yake. Bwawa tena. Paa tena. Hiyo gari ndiyo anashuka nayo mteremko wa kreta kila siku, na wageni ndani, kona zote zile.

Asubuhi nilimkuta mlangoni kwa gereji.

"Shemeji, ng'oa."

Nikang'oa. Ile carrier tuliibeba watu wanne, na mimi ndiye niliyeiweka juu ya kichwa cha mume wa dada yangu.

Kazi ya gari za lodge kapewa fundi mwingine. Nasikia kaagiza alumini.

Nilichojifunza ni kwamba mwenye mchoro alishakosea zamani ili wewe usikosee leo. Mimi nikaona nimsahihishe.

Haya, uwanja ni wenu, nichekeni mtakavyo. Ila wewe mwenye carrier yangu juu ya gari, acha kwanza kucheka. Pitia gereji.