Siku Nilipozima Mishumaa ya Fundi Saa

Mkasa huu nikiukumbuka hadi leo natamani kujifunika shuka, lakini kwa kuwa Hamisi huwasimulia watu kwa kuongeza chumvi, afadhali mnisikie mwenyewe.

Hamisi alikuwa boi wa fundi saa mmoja Myahudi, mzee mpole aliyepanga Uhindini, ng'ambo ya uwanja wa Mnazi Mmoja, na kila jioni alirudi kwetu Kariakoo na neno jipya la Kiebrania, akamtolea Zuhura, muuza vitumbua, na Zuhura akacheka mpaka akaunguza vitumbua (vyangu mimi, vya Hamisi haviungui kamwe). Mimi nilimtaka Zuhura kabla Hamisi hajajua hata jina lake. Roho iliniuma, nikaenda kwa mzee mwenyewe, nikamwomba neno moja tu, la kitu cha kila siku.

Mzee akaonyesha taa, kisha mshumaa. “Ner,” akasema. “Hii ner. Hii pia ner.”

Basi nikalitembeza neno hilo mtaa mzima, na Ijumaa jioni, Zuhura alipopeleka vitumbua Uhindini, nikambebea sinia.

“Twende kwa mzee,” nikamwambia, “ukasikie Kiebrania cha kweli, si cha Hamisi.”

Tukakuta mlango wazi. Mezani mishumaa miwili inawaka, na nje bado kweupe, na mke wa mzee amesimama mbele ya mishumaa hiyo amejiziba macho kwa viganja. Nikajisemea, masikini, moshi umemwingia mama wa watu! Nikaingia kwa madaha, nikainama, fuu! fuu! nikazima yote miwili, nikasema kwa sauti, “Ner!”

Mama akafumbua macho. Hakupiga kelele (laiti angepiga), alimtazama mumewe tu, na mzee akaitazama mishumaa kama mtu aliyefiwa.

Hamisi akatokea uani, akanivuta pembeni. “Wewe mwehu! Alikuwa anaomba dua. Mishumaa hiyo ikishawashwa Sabato imeingia, hawagusi tena moto mpaka kesho magharibi, wala hawamtumi mtu awawashie!”

“Sasa watakula gizani?”

 Hamisi akawasha kandili kana kwamba kwa haja yake mwenyewe, akazunguka nayo chumbani akinung'unika, “Kofia yangu nimeiweka wapi jamani?” na kofia iko kichwani, halafu akaiacha kandili mezani, akatoka. Mama akatabasamu. Zuhura aliona yote.

Kurudi, sinia alilibeba Hamisi. Wao mbele, mimi nyuma, na Mnazi Mmoja haijapata kuwa pana kama jioni ile.

“Eti Hamisi, taa wanaiitaje?” Zuhura akauliza.

“Muulize kaka yako huyo nyuma,” akasema Hamisi, “hilo neno ni lake.”

Walioana. Harusini waliniweka kando ya karabai, nikaambiwa nisiiguse. Na sijaigusa, wala moto wa mtu yeyote tangu siku ile, hata ukiwaka mchana wa jua la utosi.