Kopo Lililobaki Ukutani

Asubuhi ya siku aliyokuja afisa wa hataza kutoka Dar es Salaam, mdogo wangu wa kiume aliniletea kitenge kipya. Akasema, "Dada, leo vaa hiki. Na ukiulizwa, usiseme maneno mengi." Nilikivaa. Nilidhani anaona fahari kunitambulisha kwa mgeni.

Hataza ni hati anayopewa mtu aliyebuni kitu kipya, ili ijulikane kuwa ni chake na mwingine asikitengeneze bila ruhusa yake. Miaka ile ya Ujamaa mambo hayo yalichunguzwa Uingereza, na huku kwetu ilisajiliwa tu hataza iliyokwisha kupita kule. Mdogo wangu alikuwa amepeleka maombi. Wachunguzi wa kule walirudisha maswali, na afisa alikuja Mwanza kuchukua majibu chini ya kiapo. Kitu chenyewe kilikuwa chombo cha kuwatahadharisha watu kwamba nyumba iliyotikiswa na tetemeko inaelekea kuanguka. Katika maombi kilikuwa na jina refu la Kiingereza. Mimi nilikiita kopo.

Wazazi wetu hawakuuawa na tetemeko, ingawa watu wakisimulia husema hivyo. Tetemeko lilipita mchana, kwetu Kagera, tukiwa tunaanika kahawa. Ardhi ilitingishika kidogo, mtungi ukaanguka, tukacheka. Ukutani, nyuma ya kitanda cha wazazi, palibaki ufa mwembamba. Baba aliuziba kwa udongo akapaka chokaa juu yake, ukuta ukawa mweupe kama mpya. Nyuma ya chokaa ile ufa uliendelea kupanuka na hakuna aliyeuona. Mvua zilipoanza, ukuta ulianguka asubuhi mapema wakiwa bado wamelala. Mimi nilikuwa kisimani na wadogo zangu wawili, ambao walilia kila nilipotaka kuwaacha nyuma.

Mjomba alituleta Mwanza kwa meli, akatupangishia chumba kilimani juu ya Mirongo, na baada ya muda alihamishwa kikazi. Nikaacha shule nikiwa darasa la sita. Nilijifunza cherehani kwenye baraza la duka moja mjini, na sare zote alizovaa mdogo wangu wa kiume, tangu shule ya msingi hadi alipokwenda chuo cha ufundi Dar, nilizishona mimi. Mdogo wetu wa kike aliolewa Sengerema. Tukabaki wawili wa kutegemeana.

Nyumba za kilimani kwetu zilikuwa zimejengwa nusu juu ya jiwe na nusu juu ya udongo wa kujaza. Tetemeko likipita, hata dogo, jiwe halisogei bali udongo hushuka, na ukuta hupasuka palepale jiwe linapoishia. Mimi nilikuwa siwezi kulala chumba chenye ufa. Nilianza kwa kufunga uzi kati ya misumari miwili, mmoja kila upande wa ufa, niuone kama unakaza. Uzi wa pamba ulilegea kwa unyevu, nikaupaka nta ya mshumaa kama wafanyavyo washona viatu. Lakini uzi unaokaza haumwamshi aliyelala. Basi nikaufunga kwenye kijiti, kijiti kikashikilia nati nzito, na chini yake nikatundika kopo tupu la mafuta ya kupikia. Ufa ukipanuka, uzi unachomoa kijiti, nati inaangukia koponi. Kelele yake inafika nyumba ya tatu.

Majirani walinicheka kwanza, hata wachache walioniruhusu niwatundikie. Siku moja panya alichomoa kijiti nyumbani kwa fundi baiskeli, akiwa amejilaza baada ya chakula cha mchana. Alitoka mbio amejifunga kanga ya mkewe, na mkewe akamfuata akipiga kelele mtaa mzima usikie, "Baba nanihii, tetemeko limekuvua hata suruali?"

Kicheko kilikwisha msimu wa mvua uliofuata tetemeko moja. Kopo lililia nyumbani kwa bibi mmoja mjane, jirani yetu wa juu. Alitoka nje na wajukuu zake akinung'unika kwamba nimemlowesha bure. Hakuwa amemaliza kunung'unika ukuta ulipolala juu ya kitanda. Alipojenga upya alinifuata barazani na kopo mkononi kabla hajatafuta hata mlango.

Tangu hapo kila nyumba ilitaka kopo, na ikawa desturi: kopo la yeyote likilia, anayesikia anaita jirani, mtaa mzima unatoka nje kwanza, unauliza baadaye. Sikumtoza mtu. Uzi ulikuwa wa mabaki ya kazi yangu, nati alitoa fundi baiskeli, kila mmoja alileta kopo lake.

Mdogo wangu aliporudi Mwanza, akiwa na kazi ya ofisini na nyumba ya kupanga Butimba, alikaa barazani kwangu akaliangalia kopo muda mrefu. Halafu akaleta betri za redio na kengele ya umeme. Badala ya nati kuanguka, uzi uligusisha nyaya mbili na kengele, ambayo ingeweza kuwekwa hata chumba cha pili, ikalia. Lilikuwa wazo zuri na lilikuwa lake, nilimwambia hivyo. Yeye akasema, "Dada, hiki kitu tukiombee hati. Kitengenezwe kiwandani, kiende vijiji vyote vya Ujamaa. Jina letu liwe juu yake."

Jina letu. Nilichukulia kwamba ni la baba, kwa kuwa sote wawili tunalo. Sikutaka kingine. Nilitaka kitu kilichotokana na ukuta ule kiwe na jina la mtu aliyelala chini yake, na ijulikane kwamba watoto wake ndio waliokifanya.

Majuma machache kabla ya afisa kuja, mdogo wangu alifika na gunia. "Tuyakusanye makopo ya zamani," alisema. "Nitaleta mapya yenye kengele kwa kila nyumba. Ukiwaambia wewe watakubali."

Wakakubali, kwa sababu nilikuwa mimi. Nilipita mlango kwa mlango, nikachomoa misumari kwa mkono wangu, nikaziba matundu kwa udongo ili kuta zisibaki na sura mbaya. Ni yule bibi tu aliyekataa. Alisimama mlangoni kama askari.

"Kengele ije kwanza," alisema. "Ikishalia nikaisikia, ndipo kopo litatoka."

"Bibi, ni mdogo wangu mwenyewe anayeleta."

"Ndiyo. Wewe nakujua. Huyo namjua kwa suruali tu."

Nilicheka, nikaenda zangu. Gunia likaenda Butimba.

Afisa alikuwa mtu mpole mwenye macho ya kuchoka na safari. Tulikaa sebuleni kwa mdogo wangu. Alitusomea maana ya kiapo, tukaapa, kisha akafunua karatasi zake.

"Ndugu," alimwambia mdogo wangu, "wachunguzi wanasema kuna mtaalamu wa maji aliyepita Mwanza akaona vitu vya namna hii kwenye nyumba za watu, kabla hujaomba. Unasemaje?"

Mdogo wangu alitabasamu. "Hayo yalikuwa mambo ya mila, Ndugu. Dada yangu huyu aliangukiwa na msiba, wazazi wetu walifia ukutani. Tangu hapo alikuwa akitundika makopo. Ni namna yake ya kuwakumbuka. Majirani walimvumilia."

"Hayakuwa na kazi yoyote?"

"Labda kufukuza panya." Akacheka kidogo, kisha akanigeukia. "Si ndivyo, dada?"

Nilimwangalia mdomo. Ulikuwa mdomo uleule niliokuwa nikiulisha uji nikipuliza kijiko. Nilitaka kusema kitu, nikaona kitenge kipya mapajani mwangu, na hapo ndipo nikalielewa gunia. Hakukuwa na kengele inayokuja. Kuta zilitakiwa ziwe tupu, na alijua ni mimi tu ningeweza kuzivua.

Nikamwuliza afisa, "Baba, kwenye hayo maombi aliyebuni ni nani?"

"Ni huyu ndugu, peke yake."

"Na kama makopo yalikuwa yanafanya kazi?"

Afisa aliweka kalamu chini. "Kama kitu kilikuwa kinatumika hadharani kabla ya maombi, mama, hakihesabiwi kuwa kipya. Hati haitatoka."

"Hata kwangu mimi?"

"Hata kwako. Kwa mtu yeyote."

Mdogo wangu akaniambia kwa Kihaya, upesi na kwa sauti ya chini, ili afisa asielewe, kwamba nikubali tu, jina langu ataliingiza baadaye, na nisipokubali ninaliua jina la baba kwa mkono wangu.

Huo ndio mzigo alionitwika mbele ya mgeni. Nikikubali, jina la baba linasimama, na mimi ninakuwa mwendawazimu anayetundika makopo kwa ajili ya wafu, na majirani zangu ni watu waliomvumilia mwendawazimu. Nikikataa, hakuna anayepata chochote. Ila nilikuwa nimekwisha kuapa, na bibi yule na wajukuu zake walikuwa hai.

Nikasimama. "Kuna kopo moja halikutolewa. Twende nikakuoneshe."

Mdogo wangu alitupeleka kwa gari la ofisi. Tulipanda kilima kwa miguu, yeye nyuma. Bibi alikuwa mlangoni akichambua dagaa.

"Shikamoo, bibi," alisema afisa.

"Marahaba. Ndiye huyu anayetaka kopo langu? Mwambieni alingojee hadi siku ya mazishi yangu."

"Nataka kuliona tu, bibi. Linafanya kazi gani?"

"Linanifukuza nyumbani." Akamwonesha kwa mkono wenye magamba ya dagaa. "Mimi nilikuwa nimesimama hapo ulipo, na ukuta ulikuwa umelala pale kwenye kitanda. Panya hajui kufanya hivyo."

Afisa aliingia ndani, akainama akaangalia uzi, kijiti na nati. Kisha, kama mtoto aliyeona kitu kipya, akavuta kijiti kwa kidole.

Nati ililia koponi. Kabla mlio haujaisha, milango ya mtaa ilifunguka. Mwanamke alitoka na mtoto mwenye povu la sabuni kichwani. Fundi baiskeli alitoka na gurudumu mkononi. Wazee walitoka, kuku walitoka, watu wakasimama njiani wakiangalia kuta za nyumba ambazo hazikuwa tena na kopo hata moja. Na mdogo wangu, aliyekuwa ameegemea nguzo ya mlango wa bibi akijaribu kuonekana hana habari, nilimwona ameruka katikati ya njia pamoja nao, mikono juu ya kichwa, kama nilivyomfundisha alipokuwa mdogo.

Afisa alitoka, akamwangalia, akanigeukia mimi, kisha akaandika pale pale amesimama.

Maombi yalikataliwa. Mdogo wangu hakunipigia kelele. Alisema tu, "Umeninyima, dada," akapanda gari. Kwa muda mrefu nilirudia neno hilo nikiwa kwenye cherehani, nikitafuta kitu nilichowahi kumnyima. Aliliuza wapi lile gunia, au alilitupa wapi, sijawahi kuambiwa.

Nilirudi mlango kwa mlango na makopo mengine. Sikutegemea kwamba hiyo ndiyo ingekuwa kazi ngumu. Watu walinipokea, ila walisimama nami chumbani hadi nimalize, kama unavyosimama na fundi usiyemjua. Fundi baiskeli alinipa nati bila utani wowote.

"Na hili," aliuliza, "utalifuata lini?"

Nilimpa nyundo. Tangu siku ile kila mwenye nyumba hupigilia misumari yake mwenyewe, mimi nafunga uzi tu.

Mdogo wangu alikuja kujenga Butimba, nyumba ya matofali ya saruji, nusu juu ya jiwe na nusu juu ya udongo wa kujaza. Nilialikwa mtoto wake alipobatizwa. Wageni walipokuwa wanakula, niliona juu ya dirisha la chumba cha watoto ufa mwembamba uliopakwa chokaa. Nilikuwa na kikapu changu. Aliponiona ninatoa kopo alifika mlangoni na sahani mkononi.

"Dada, kwangu usitundike hayo."

"Sawa," nilisema.

Niliweka kopo kwenye dirisha, chini ya ufa, na ndani yake nikaacha uzi, kipande cha mshumaa, kijiti na nati. Kufunga anajua, nilimfundisha mwenyewe. Kama alifunga, sijui, hatujaulizana. Tetemeko likipita natoka nje na mtaa wangu, na wenzangu wakisharudi ndani mimi hubaki kidogo nimegeukia upande wa Butimba, nikitega sikio, ingawa najua vizuri kopo linasikika hadi nyumba ya tatu tu.