Stika ya Binti wa Mfuma Masweta

Mfuma masweta alikuwa amechoka kugonga milango ya watu. Siku zote watu ndio waliogonga wake, kwani masweta yote ya shule pale mtaani yalitoka kwenye mashine yake, na watoto aliwajua kwa upana wa mabega kabla ya kuwajua kwa sura. Sasa wenye mabega hayo walikuwa wanamcheka binti yake.

Binti alisinzia darasani, mdomo wazi, udenda ukimtoka, baada ya kukesha akimsaidia mama kuunga mikono ya masweta. Mwenzake wa dawati moja akampiga picha, akaigeuza stika, akaiandika "Dunia imenichosha," akaitupa kwenye kundi la darasa. Kikulacho ki nguoni mwako. Kufika jioni shule nzima ilikuwa nayo, na binti hakutia tena mguu shuleni.

"Utani tu wa watoto, mama," alisema mzazi wa kwanza. Wa pili akaapa kwamba mwanawe hana simu, na mwana mwenyewe akatokea na simu mkononi. Mwalimu naye akashauri binti azoee. Azoee! Nusura mama amrushie mkoba. Aliganda milangoni mwao kama kupe mpaka kila mtoto akaifuta stika mbele ya macho yake, kisha Jumapili akawaita ndugu sebuleni wamtie binti moyo.

Kaka yake mama, dereva wa lori, ndiye aliyewaka kuliko wote. "Watoto wa siku hizi hawana adabu! Hiyo picha sijaiona na sitaki kuiona. Ningekuwa mwalimu wao, wangenitambua!"

"Imefutwa kote," mama akamwambia binti. "Kesho unakwenda shule, sawa?"

Binti akaitikia kwa kichwa. Mama akashusha pumzi.

Mara bibi, aliyekuwa mbali, akaandika kwenye kundi la ukoo: "Dereva wangu, umeamkaje? Safari je?" Mjomba akaisogeza simu mbali na macho, maana miwani aliisahau kwenye lori, akabonyeza stika moja kumjibu. Simu zote sebuleni zikalia.

Mdomo wazi. Udenda. Dunia imenichosha.

"Mjomba," binti akasema, "huyo ni mimi."

"Wewe? Hii nimeipata kwa madereva wenzangu! Huwa naituma nikichoka tu, wala sikujua ni..."

"Nimegombana na mtaa mzima, kaka!" mama akafoka. "Mtaa mzima! Kumbe unatembea nayo mfukoni!"

Mjomba akahangaika kuifuta, kidogo aitume tena. Binti akasogea karibu yake, akamwelekeza taratibu: shikilia hapa, sasa bonyeza pale.

"Na kwingine umeituma wapi?" binti akauliza.

Mjomba akainamisha kichwa. "Kila kundi nililomo, mwanangu."

Kesho yake sweta la shule la binti lilikuwa bado limening'inia msumarini.